Kazi bila jina: deni la sinema ambalo Kagera haijalidai

Filamu ya Mogambo ilipoingia kwenye kumbi za Marekani Oktoba 1953, orodha ya waigizaji wake ilianza na Clark Gable, akafuata Ava Gardner, kisha Grace Kelly, kisha wenzao mmoja mmoja, kila mtu na jina lake. Chini kabisa yakaja makundi manne: kabila la Wasamburu wa Koloni la Kenya, kabila la Wagenia wa Kongo ya Kibelgiji, kabila la Wahaya wa Tanganyika na kabila la M'Beti wa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Hivyo ndivyo watu wa Kagera walivyoingia katika kumbukumbu za Hollywood: kabila zima katika mstari mmoja, bila jina la mtu hata mmoja.

Kampuni ya MGM ilitumia zaidi ya dola milioni 3 kutengeneza filamu hiyo, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 8. Gardner na Kelly waliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na Kelly akatwaa Golden Globe. Fedha zilizoingia zilikuwa na wenyewe, na sifa zilikuwa na wenyewe. Kwa upande wa Wahaya waliocheza, walioimba na waliosimama mbele ya kamera kandokando ya Mto Kagera, hakuna mtu anayeweza kwenda popote akasema, “Huyu ni mimi, na hii ni kazi yangu.”

Katika biashara ya sinema jina ni hati ya madai. Aliyeandikwa anaweza kutafutwa, kuitwa tena, kulipwa filamu inaporudiwa, kufidiwa akiumia, na hata kuzikwa kwa heshima ya kazi yake. Asiyeandikwa hulipwa siku ile ile, na hesabu yake hufungwa hapo. Jambo hili linawahusu vijana wa Kaniha, kata ya Wilaya ya Biharamulo, na wa Ngara jirani, kwa sababu mkoa wao tayari umewahi kufanya biashara hii bila kuandikishana, na kuna kila dalili kwamba utaifanya tena.

Kambi ya Mto Kagera

Mogambo iliongozwa na John Ford, na upigaji picha ulianza mwishoni mwa 1952. Wakati huo Kenya ilikuwa imeingia katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 20 mwaka huo kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Sehemu ya kazi ilifanyika Kenya, na sehemu nyingine kwenye Mto Kagera, upande wa Tanganyika. Hapo pakasimamishwa mji wa mamia ya mahema, wenye mabwalo ya chakula, hospitali yake na kiwanja cha ndege kilichofyekwa porini. Msafara mzima uliongozwa na mwindaji mashuhuri wa Kenya, Bunny Allen.

Mji wa namna hiyo haujiendeshi. Mahema husimamishwa na watu, maji huchotwa na watu, chakula hupikwa, barabara hufyekwa, mizigo hubebwa. Mamia ya Waafrika waliajiriwa kwa kazi hizo, na wengine wakaingia mbele ya kamera. Tena filamu hiyo haikuwa na muziki wa okestra kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood. Karibu muziki wote unaosikika ndani yake ni ngoma na nyimbo za wenyeji wa mahali ilikopigwa. Mtunzi wa Kimarekani angelipwa kwa kazi ya namna hiyo, na jina lake lingeandikwa kwa herufi kubwa. Hapa watunzi na wapigaji waliingizwa kwenye majina ya makabila yao.

Mtoto aliyecheza ngoma mbele ya kamera ile akiwa na miaka 10 leo ana zaidi ya miaka 80. Kama bado kuna wazee wanaokumbuka nani alikuwapo, miaka ya kuwauliza imebaki michache. Maafisa utamaduni wa wilaya za Kagera na idara za historia za vyuo vyetu wana filamu yenyewe mkononi: wakae na wazee, waisimamishe picha kwa picha, waandike majina.

Ng'ambo ya Rusumo

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya mpaka huo hadithi ni ile ile. Mwaka 1949 na 1950 MGM ilipiga filamu ya King Solomon's Mines Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda-Urundi. Katika eneo la Astrida, ambalo leo ni Huye, kampuni hiyo iliwatumia Watutsi kama askari, wacheza ngoma na watu wa ikulu ya mfalme wa kubuni. Baadhi walipewa nafasi kubwa: Siriaque aliigiza Umbopa, mrithi wa kiti cha enzi, na Baziga akaigiza Mfalme Twala. Majina yao yaliandikwa, ila kila moja likafuatwa na maneno “wa kabila la Watussi”. Stewart Granger na Deborah Kerr hawakuandikiwa kabila.

Filamu hiyo ilipata Oscar mbili, ya upigaji picha wa rangi na ya uhariri, na ikaleta faida kubwa. Kisha likaja jambo linaloonyesha vizuri jinsi biashara hii inavyofanya kazi. Mwaka 1959 MGM ilitoa filamu nyingine iitwayo Watusi, na sehemu kubwa ya mandhari yake, makundi ya watu na ngoma ilichukuliwa kwenye mikanda ya ile ya kwanza. Picha za Afrika Mashariki za kampuni hiyo ziliendelea kuchomekwa katika filamu nyingine kadhaa. Mtu aliyecheza mara moja kule Astrida mwaka 1949 akawa anafanya kazi miaka kumi baadaye bila kujua, na mwajiri hakuwa na wajibu wowote wa kumtafuta.

Hata Hollywood kwenyewe haki ya kulipwa kazi inaporudiwa haikutolewa kwa hiari. Ilipatikana kwa mgomo. Kuanzia Machi 7 hadi Aprili 18, 1960, chama cha waigizaji wa Marekani, wakati huo kikiongozwa na Ronald Reagan, kiliwatoa wanachama wake kazini mpaka kampuni zikakubali kuwalipa filamu zao zinapoonyeshwa kwenye televisheni. Makubaliano yalihusu filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo. Zote zilizopigwa kwetu kabla ya hapo zikabaki nje ya mlango.

Ngazi za kazi isiyoonekana

Msomaji aliyezoea kumwona steringi akiruka kutoka ghorofani na kutua salama ajue kwamba picha moja huweza kuwa na miili mitatu au minne. Yuko anayesimama mahali pa nyota wakati taa na kamera zinapangwa. Anachaguliwa kwa kimo na rangi ya ngozi, na kamera ikianza kufanya kazi huondoka, asionekane kabisa. Yuko mwigizaji mbadala ambaye mgongo, mikono au miguu yake huonekana, lakini uso ni wa nyota. Yuko anayeanguka, anayeendesha pikipiki kwa kasi na anayeungua moto badala ya nyota. Na wako waigizaji wa ziada wanaojaza soko, mkutano au uwanja wa vita.

Kwa macho ya mtazamaji wote hawa ni kitu kimoja. Kwa macho ya mhasibu wako mbalimbali sana. Chini ya mikataba ya chama cha waigizaji wa Marekani, mtu wa michezo ya hatari huhesabiwa pamoja na waigizaji wakuu, kwa hiyo hupata malipo filamu inaporudiwa. Anayesimama wakati wa kupanga taa na yule anayetoa mwili wake upigwe picha huwekwa kundi moja na waigizaji wa ziada: ujira wa siku, basi. Mwili wa mtu unaweza kuifanya picha ikumbukwe miaka 60, na malipo yake yakawa ya wiki moja.

Mfano unaojulikana zaidi ni Flashdance ya mwaka 1983, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Sehemu kubwa ya dansi iliyowavutia watu ilichezwa na Mfaransa Marine Jahan badala ya Jennifer Beals. Mruko mmoja ulifanywa na mwanasarakasi Sharon Shapiro, na mzunguko wa mgongo sakafuni ulifanywa na kijana wa kiume wa New York aitwaye Richard Colón, maarufu kwa jina la Crazy Legs, aliyevalishwa wigi. Jina la Jahan halikuwekwa kwenye orodha ya filamu. Kampuni ilitaka watu waamini kwamba wanamwona mtu mmoja. Ukweli ulipojulikana watu walishangaa, lakini tiketi zilikuwa zimeshauzwa.

Mfano mchungu zaidi ni wa Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Mwili unaoonekana katika sehemu za tukio la bafuni ni wa Marli Renfro, mcheza dansi aliyeajiriwa badala ya Janet Leigh. Jina lake halikuandikwa. Mwaka 1988 mwanamke mwingine, Myra Davis, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mahali pa Leigh wakati taa zinapangwa, aliuawa Los Angeles. Muuaji alipohukumiwa miaka zaidi ya kumi baadaye, habari zilienea kwamba aliyeuawa ndiye mwanamke wa bafuni. Mwandishi Robert Graysmith alifuatilia, akamkuta Renfro yu hai California, na mwaka 2010 akatoa kitabu juu yake. Orodha ya filamu haikuwataja hao wawili, na kwa sababu hiyo dunia ilishindwa kujua nani amekufa na nani anaishi.

Kisha kuna gharama ya mifupa. David Holmes alikuwa mwili wa hatari wa Daniel Radcliffe tangu filamu ya kwanza ya Harry Potter. Januari 2009, katika mazoezi nchini Uingereza, alivunjika shingo akapooza. Olivia Jackson alikuwa mbadala wa Milla Jovovich katika filamu ya Resident Evil iliyopigwa Afrika Kusini. Septemba 2015 pikipiki yake iligongana na mkono wa kamera, akalala bila fahamu zaidi ya wiki mbili na kupoteza mkono wa kushoto. Mwaka 2020 mahakama ya Afrika Kusini ilikubali madai yake kwamba ajali ilitokana na uzembe wa waliohusika na kazi ile. Tuliangalie shauri hilo kibiashara: Jackson aliweza kushtaki kwa sababu ilijulikana ameajiriwa na nani, kwa kazi gani, siku gani. Kibarua asiye na karatasi angeanzia wapi?

Hollywood imechukua karibu karne nzima kukubali kwamba hawa nao ni wasanii. Aprili 2025 waandaaji wa Oscar walitangaza tuzo ya ubunifu wa michezo ya hatari, itakayotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2028, katika sherehe ya 100.

Maisha baada ya kamera kuzimwa

Mwaka 1929 MGM ilileta kundi kubwa Afrika Mashariki kupiga Trader Horn, iliyotoka 1931. Simulizi za utengenezaji wake zinataja vifo vya Waafrika wawili kazini: mmoja aliyeanguka mtoni akaliwa na mamba, mwingine aliyeuawa na kifaru. Hazitaji majina yao. Nyota wa filamu, Edwina Booth, alirudi kwao akiwa mgonjwa, akaishtaki kampuni akidai zaidi ya dola milioni moja, na wakamalizana nje ya mahakama. Aliishi mpaka 1991. Mwigizaji wa Afrika Mashariki, Mutia Omoolu, aliandikwa kwa jina lake na akapelekwa Hollywood kumalizia picha zilizobaki. Kwa sababu hiyo leo tunaweza kumtaja. Filamu ni moja, nayo ina aina tatu za watu: mwenye wakili, mwenye jina, na asiye na lolote.

Linganisha na simba. Filamu ya Born Free, ya mwaka 1966, ilipigwa Kenya ikitumia simba wengi kuigiza maisha ya simba jike Elsa. Kazi ilipokwisha, wengi walipelekwa kwenye bustani za wanyama, lakini George Adamson, mlezi wa Elsa, aliwapigania watatu, Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru kuwafundisha kuishi porini. Filamu ya kumbukumbu ilitengenezwa kuhusu hatima ya simba wale. Inajulikana nani alizaa, nani alijeruhiwa, na kwamba Boy alipigwa risasi na Adamson mwenyewe mwaka 1971 baada ya kumuua mfanyakazi wa kambi. Ni vizuri kwamba simba wale walikumbukwa. Wacheza ngoma wa Mto Kagera walistahili angalau daftari la namna hiyo.

Jina linapoandikwa, faida yake inaweza kuja baada ya miaka mingi. Mwanamuziki wa Kenya Ayub Ogada aliigiza nafasi ndogo katika Out of Africa, iliyotoka 1985, akiandikwa kwa jina lake la Job Seda. Uigizaji haukumtajirisha. Lakini wimbo Kothbiro, uliomo katika albamu yake ya mwaka 1993, ulikuwa umesajiliwa, kwa hiyo ulipotumika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005 jina lake lilikwenda nao. Mwaka 2018 rekodi ya zamani ya wimbo huo, aliyoifanya na bendi ya Black Savage, ilipotumiwa na Kanye West, Ogada alitajwa miongoni mwa watunzi. Alifariki Februari 2019. Mwili wake ndani ya filamu ulilipwa mara moja, lakini utunzi wake uliendelea kumfuata, na kilichotofautisha hayo mawili ni karatasi.

Tena kuna filamu iliyoonyesha kwamba orodha ya majina inaweza kubeba uzito wa kweli. Shooting Dogs, ya mwaka 2005, ilipigwa Kigali katika shule ile ile ya ETO, Kicukiro, yalikotokea mauaji inayoyasimulia. Miongoni mwa waliofanya kazi nyuma ya kamera walikuwamo walionusurika mauaji ya kimbari. Mwisho wa filamu, wanaonyeshwa kwa picha na majina, pamoja na maelezo mafupi ya waliowapoteza. Watu wa Ngara wanalielewa hilo zaidi kuliko wengi. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban saa 24, wakapokelewa Benaco, wilayani Ngara. Kamera za dunia zilifika, zikapiga makundi. Waliobaki wanajua thamani ya kumwandika mtu mmoja mmoja.

Nyumbani: soko limebadilika, mkataba umebaki ule ule

Bongo Movie ilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 huhesabiwa miongoni mwa zilizofungua njia. Biashara ilikuwa ya kuuza jumla. Mtayarishaji alimkabidhi msambazaji filamu, akalipwa mara moja, na msambazaji akabaki na soko lote la kaseti na baadaye DVD. Aliyepewa hela mara moja naye aliwalipa wenzake mara moja, na waigizaji wa ziada mara nyingi waliambulia nauli na chakula.

Soko hilo limekwisha. Leo filamu na tamthilia zinapita kwenye chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, na kwenye YouTube. Kazi moja huonyeshwa mara nyingi, miaka mfululizo, na fedha zimehamia kwenye marudio. Ujira wa mwigizaji wa ziada bado umefungwa siku ya kurekodi. Faida inapohama na mkataba usipohama, anayepoteza ni yule wa chini.

Ikiwa hali ni ngumu kwa wenye majina, kwa wengine itakuwaje? Mchekeshaji Amri Athumani, aliyependwa nchi nzima kama King Majuto, alifariki Agosti 8, 2018 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Katika ugonjwa wake ndipo taifa lilipojadili kwa sauti mikataba ya wasanii, na waziri wa sekta hiyo wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Majuto alikuwa na uso unaojulikana na waziri wa kumsemea. Aliyesimama nyuma yake kwenye tangazo la biashara hakuwa na hata kimoja.

Sheria zipo, lakini zina matundu mahali hasa anaposimama mtu wetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtendaji wa sanaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, ila masharti hayo hayamhusu anayemfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Waigizaji wengi wa ziada wanaangukia hapo hapo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaweza kumsaidia aliyeumia kazini, mradi iwepo ajira inayothibitika.

Kimataifa mambo yalianza vibaya. Mkataba wa Roma wa 1961, unaolinda watendaji wa sanaa, ulisema katika kifungu cha 19 kwamba mwigizaji akishakubali kuingizwa kwenye filamu, ulinzi wake juu ya utendaji huo umekoma. Mkataba wa Beijing ulisahihisha hilo. Ulipitishwa Juni 24, 2012 na kuanza kutumika Aprili 28, 2020, na unampa mwigizaji wa filamu haki ya kutambulishwa kwa jina. Hata hivyo ziko nchi ambazo sheria zao humwacha nje mwigizaji wa ziada, na Ufaransa ni mojawapo. Kwa hiyo mkataba wa kimataifa peke yake hautamfikia mtu aliyesimama kwenye kundi la watu mia moja. Karatasi ya kazi ndiyo itakayomfikia.

Jambo la kutia moyo ni kwamba watu wetu wameshajua kujiwekea jina pale walipopata nafasi. Katika vibanda umiza vya kuonyeshea video, watafsiri wa filamu za nje walitoa sauti badala ya waigizaji wote kwa pamoja, wanaume, wanawake na watoto. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijitaja ndani ya kazi yake mpaka wateja wakawa wanaulizia filamu ya Lufufu kabla ya kuuliza steringi ni nani. Hakusubiri kuandikwa.

Kaniha wajiandae vipi

Filamu ya Tanzania: The Royal Tour, iliyozinduliwa New York Aprili 18, 2022, ilitangaza nchi kama mahali pa kuja na kamera. Kwa upande wa kaskazini-magharibi, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Biharamulo ina boma la Wajerumani. Ngara ina Rusumo, mahali Mto Ruvubu unapokutana na Nyabarongo na kuwa Kagera. Mtayarishaji anayetafuta mbuga, ziwa, mto na jengo la kale ndani ya mwendo wa gari atavipata hapa.

Atakapokuja atahitaji miili: ya kusimama kwenye jua wakati kamera zinapangwa, ya kuvuka mto badala ya nyota asiyejua kuogelea, ya kukimbia, ya kucheza ngoma. Kijana wa Kaniha anayelima mahindi na mihogo au kuchunga ng'ombe ataiona fedha ya siku mbili kama neema, na haki yake kuifurahia. Lakini kabla hajavaa nguo za kuigiza, karatasi yake iwe na mambo matano: jina lake kamili kama anavyotaka lisomeke, kazi atakayofanya na saa zake, malipo na siku ya kulipwa, nani atagharamia matibabu akiumia, na picha yake itatumika wapi, kwa muda gani, na kwa malipo gani ikitumiwa tena.

Hilo la tano limekuwa zito kuliko zamani. Waigizaji wa Marekani waligoma siku 118 mwaka 2023, kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kompyuta. Sasa mwigizaji wa ziada anaweza kupigwa picha pande zote mara moja, kisha mwili wake ukatengenezwa upya katika filamu nyingine bila yeye kuitwa. Mgomo ulimalizika kwa masharti ya ridhaa na malipo. Masharti hayo yanawalinda wanaofanya kazi chini ya mikataba ya chama hicho. Biharamulo hayafiki, isipokuwa sisi wenyewe tuyaandike.

Njia ya kuyaandika ipo. Mtayarishaji lazima apate kibali cha Bodi ya Filamu. Bodi iweke sharti kwamba kazi ikiisha akabidhi daftari la kila mwenyeji aliyefanya kazi, mbele na nyuma ya kamera, lenye majina, siku na malipo, na majina hayo yaingie katika orodha ya mwisho ya filamu. Nakala moja ibaki kwa afisa utamaduni wa halmashauri, nyingine kwa mtendaji wa kata. Sharti hilo halimgharimu mtayarishaji zaidi ya karatasi na karani mmoja. Bunge nalo liangalie upya kile kigezo cha siku sita kwa kazi za sanaa, kwa sababu katika kazi hizi siku moja inatosha kumvunja mtu mgongo, na siku hiyo hiyo inatosha kutengeneza picha itakayouzwa miaka mingi.

Kwa vijana wa Kaniha na Ngara neno ni moja. Gari la kamera likisimama kijijini kwenu, pokeeni wageni vizuri, fanyeni kazi kwa bidii, na msiondoke bila nakala ya mkataba yenye jina lenu. Mtayarishaji anayekataa kuliandika amekwisha kuwaambia jinsi atakavyowalipa.